Mahadhi ya Tarumbeta katika Nchi ya Masasi na Newala

Taarikhi ya muziki, kama taarikhi ya falme, imezoea kuwahesabu wakuu na kuwaacha wadogo. Huwataja waliotunga kwa ajili ya majumba ya wafalme na kumbi za miji mikubwa. Lakini mwalimu aliyeketi jioni baada ya kusahihisha madaftari, akatunga wimbo wa matarumbeta na ngoma ili watoto wa darasa la sita waingie uwanjani siku ya sherehe kwa hatua moja na moyo mmoja, huyo aghalabu hapewi hata mstari. Ni dhuluma, kwa maana mtunzi wa bendi ya shule ana kazi ngumu kuliko ya mwenziwe anayewatungia mafundi: sharti atunge kilicho kizuri kwa vidole visivyozoea, kwa pumzi fupi na kwa ala chache zilizochakaa, na wakati wote akumbuke kwamba wanaomsikiliza ni wazazi waliolelewa katikati ya ngoma, ambao hawadanganyiki kwa mdundo uliolegea. Nimekusudia kueleza jinsi fani hii ilivyoingia na kukua katika nchi ya Masasi na Newala, na hoja yangu ni moja: tarumbeta halikufanywa letu na merikebu iliyolileta wala na fedha iliyolinunua, bali lilifanywa letu na watunzi waliolishurutisha lifuate ngoma.

Masasi iko chini, baina ya vilima vya mawe matupu vinavyochomoza kutoka tambarare. Newala iko juu, ukingoni mwa nyanda za Makonde, mahali ambapo ardhi hukatika ghafula na macho yakashuka mpaka bonde la Ruvuma. Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera wamekaa humu kwa ujirani wa kuoana na kugombana, na kila kabila lina ngoma zake, ijapokuwa hakuna ngoma iliyokubali kubaki kwa wenyewe tu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Vyuo Vikuu, ambaye miaka sita kabla yake alikuwa ametoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akashukia Lindi, naye akitaraji kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliipenda ardhi, wakakaa. Hivyo mji ule ulianza kama kijiji cha watu huru wapya, wenye asili mbalimbali na lugha moja ya kuelewana, yaani Kiswahili, na wenye shule na kanisa tangu siku za mwanzo. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huko waliitwa Magwangwara, walikivamia kijiji kile, wakaua na kuteka. Na Padri Chauncy Maples wa misheni ile akaihamishia kazi yake Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Kwa sababu ya msiba ule Masasi na Newala zikawa, katika mambo ya elimu, kama nyumba mbili za ukoo mmoja.

Nyimbo zilizofundishwa katika shule za misheni za Kiingereza ziliandikwa kwa njia iliyoenezwa na John Curwen huko Uingereza katikati ya karne ya kumi na tisa, yaani sol-fa, ambayo haihitaji mistari mitano wala alama za mviringo, bali herufi chache tu, nukta na vituo. Ubao na chaki vilitosha. Hapakuhitajika kinanda, wala karatasi ya pekee, na mtoto aliyejua kusoma alif na be zake aliweza ndani ya miezi michache kuusoma wimbo ambao hajapata kuusikia. Mimi naihesabu sol-fa kuwa ndiyo ala ya kwanza ya bendi za shule katika nchi yetu, ingawa haina sauti; kwa kuwa ndiyo iliyompa mwalimu wa kijijini uwezo wa kuandika mahadhi aliyoyatunga yeye mwenyewe, yasife naye.

Lakini kosa lingekuwa kudhani kwamba watoto wale walikuja shuleni na masikio matupu. Walikuja wakijua pembe ya mbiu, ambayo sauti yake huwakusanya watu wa vijiji. Walikuja wakijua ngoma ndefu na fupi zinazojibizana, na njuga zifungwazo miguuni. Na wale waliokwisha kupita jandoni walikuja wakijua nyimbo nyingi kuliko mwalimu wao, nyimbo zenye mafumbo, zenye kiongozi na waitikiaji. Katika mwaka 1906, vumbi la vita vya Maji Maji vilivyoichoma misheni ya Masasi mwaka uliotangulia likiwa halijatulia bado, alipita katika nchi hii mtaalamu Mjerumani, Karl Weule wa Leipzig, naye akakaa Masasi, Newala na Mahuta akiwa na kamera ya picha za kwenda na fonografu ya silinda za nta. Akanasa nyimbo za wenyeji na za wapagazi, na kitabu chake juu ya safari ile kikatoka mwaka 1908. Fikiri, msomaji: nyimbo za nyanda hizi zilikwisha kunaswa katika mashine kabla Dar es Salaam haijapata kituo cha redio, na zilinaswa kabla tarumbeta halijapata nguvu huku. Ndiyo kusema kwamba sanaa ya kutunga ilikuwa kamili; kilichokuja baadaye ni ala tu.

Ala hizo zilikuja kwa njia mbili, shule na jeshi. Pwani ya kaskazini, Freretown karibu na Mombasa, kijiji kingine cha watu waliokombolewa utumwani kilichoanzishwa mwaka 1875, kilikuwa na bendi yake. Na katika Tanga shule ya serikali ya Wajerumani, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, iliunda bendi ya wavulana waliopuliza matarumbeta mbele ya wakubwa katika sherehe za dola. Hiyo ndiyo bendi ya shule iliyopata sifa kuliko zote katika Afrika ya Mashariki ya zamani, na vijana wake walipotoka shuleni hawakuiacha sanaa yao mlangoni. Kwa maana tayari pwani ilikuwa imezaa beni, ngoma mpya kabisa, ambayo ilianza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ile: gwaride lililogeuzwa ngoma, lenye ngoma kubwa ya kizungu, filimbi, na tarumbeta pale palipopatikana fedha, lenye sare na vyeo vya kingi, jenerali na kanali, na lenye mashindano makali baina ya vyama. Majina yaliyoenea kuliko yote ni Marini na Arinoti. Marini wakijivunia utanashati na heshima ya mjini, Arinoti wakijivunia wingi wa watu wao, wachukuzi na vibarua.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia beni ilisafiri na majeshi. Wapagazi walikuwa maelfu kwa maelfu, na watu wa kusini hawakuponyoka. Walimu na makasisi Waafrika wa misheni ya Waingereza walikamatwa na Wajerumani, wakafungwa mbali na nchi yao. Tarehe 15 Oktoba 1917 yalianza mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, yakaendelea siku nne, nayo yakawa miongoni mwa mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote katika vita vile hapa kwetu. Tarehe 25 Novemba von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, akavuka Ruvuma. Na siku tatu baadaye Kapteni Tafel, ofisa wake, akasalimu amri karibu na Newala. Katika muda wa wiki chache basi nchi hii ilisikia buruji za majeshi mawili, za kuamsha, za kula, za kushambulia na za kuzika. Na vita vilipokwisha, askari na wapagazi walirudi makwao mikono mitupu, lakini vichwani mwao mlikuwa na mahadhi, na miguuni hatua za gwaride. Beni ikaenea bara kwa upesi hata watawala wapya Waingereza wakaingiwa na shaka kuwa ndani yake mna siri ya uasi, wakaichunguza. Kumbe siri kubwa ilikuwa moja: vijana walikuwa wameutwaa utaratibu wa waliowatawala wakaufanya wao, na katika kuutwaa huko walihitaji watunzi.

Mtunzi wa beni alikuwa mtu wa cheo katika chama chake. Kwake ndiko ulikotoka ushindi, kwa sababu mashindano hayakuamuliwa kwa sare peke yake, bali kwa wimbo ambao wapinzani walishindwa kuujibu. Alitunga maneno na mahadhi pamoja, kwa kichwa, wala hakuandika. Na alijua kwamba wimbo usioweza kushikwa na waitikiaji mara ya pili ni wimbo uliokufa. Magharibi ya Masasi, katika mwambao wa Nyasa, palitukia jambo ambalo naliona kuwa la ajabu kuliko yote katika taarikhi hii. Watu waliopenda sauti za matarumbeta wasiwe na fedha za kuyanunua walichukua vibuyu, wakavitoboa, wakayafunika matundu kwa utando wa buibui, kisha wakaimba ndani yake. Na utando ule ukatetema ukatoa sauti ya kukwaruza inayofanana na shaba. Vibuyu vikubwa vikawa besi, vya wastani vikawa sauti za kati, vidogo vikaongoza. Ala hizi huitwa malipenga, na ngoma yake ni mganda. Bendi nzima ya upepo, yenye sehemu zake zote, ikatoka shambani. Anayesema kwamba Mwafrika aliiga tu bendi za Wazungu naomba ajibu: nani katika Ulaya alipata kulima tarumbeta lake?

Katika Masasi yenyewe swali la kuchanganya ya kale na mapya lilishikwa na mtu aliyekuwa na mamlaka ya kulijibu, Vincent Lucas, ambaye misheni ilipopata dayosisi ya Masasi mwaka 1926 ndiye aliyekuwa askofu wake wa kwanza, akakaa mpaka mwaka 1944. Yeye, tangu kabla hajawa askofu, aliona kwamba kulipiga jando marufuku ni kuwaondolea vijana nguzo ya utu uzima. Akalikubali, akalitengeneza likae pamoja na ibada ya Kikristo, likabaki na kumbi zake na ngariba wake na mafunzo yake, yakatolewa yale ambayo kanisa halikuweza kuyakubali. Walimu na makasisi Waafrika ndio waliobeba uzito wa kazi ile, kwa kuwa wao ndio waliojua kila wimbo maana yake ni nini na upi unafaa kubaki. Wapo waliomlaumu Lucas kwa kwenda mbali, na wapo waliomlaumu kwa kuchelewa. Lakini kwa upande wa muziki nathubutu kusema kwamba mwalimu aliyezoea kuuliza wimbo upi wa jandoni unaweza kuimbwa mbele ya altare alikuwa tayari amepata mafunzo ya mtunzi, kwa kuwa kutunga, kwa sehemu kubwa, ni kuchagua.

Sasa natazama kazi yenyewe, maana kuisifu pasipo kuieleza ni kuipunja. Chukua buruji, tarumbeta la askari lisilo na vali, ambalo ndilo rahisi kwa bei na gumu kwa mtunzi. Buruji haitoi noti zote. Mpulizaji wa kawaida hupata do ya chini, so, do, mi, na so ya juu, basi. Mwenye noti tano hawezi kutunga kama mwenye noti nane. Hana fa ya kumpumzisha, hana la ya kuhuzunisha. Hana budi kuuweka uzuri wa wimbo wake katika mdundo na katika kunyamaza. Na hapa ndipo mtunzi wa kusini anapokuwa na utajiri ambao wa Ulaya hana, kwa sababu alilelewa katika ngoma ambazo wimbo wake una sauti chache na mdundo wake una elimu nyingi. Mwendo wa gwaride ni hatua mia moja na ishirini kwa dakika, kushoto na kulia, mbili mbili. Lakini kila hatua ikigawanywa katika mapigo matatu badala ya mawili, gwaride linaanza kuyumba mabegani ilhali miguu imenyooka, na hapo wazazi walio pembeni ya uwanja huanza kupiga makofi ambayo mwalimu hakuyaandika. Mapigo matatu juu ya mawili ndiyo siri ya ngoma nyingi za nchi hii. Watunzi wa Ulaya nao wanayo magwaride ya mapigo sita. Tofauti ni kwamba kwao ni aina moja miongoni mwa nyingi, na kwetu ndiko nyumbani.

Pakiwapo matarumbeta yenye vali, mtunzi hupanga sehemu. Sauti ya kwanza huchukua mahadhi, ya pili huifuata kwa chini yake, besi hushika do na so kwa subira, ngoma kubwa hutunza hatua na ngoma ndogo ya vijiti huipamba. Mwalimu mwenye busara haanzi na ala. Huandika sol-fa ubaoni, akawafundisha watoto kuimba sehemu zao zote mpaka wakaziimba wakitembea. Kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuuimba wimbo huuweza mdomoni kabla haujafika vidoleni. Tena hutunga kwa kuwajua watoto wake mmoja mmoja: huyu ana pumzi ndefu, apewe sauti ya kukaa, yule meno ya mbele yamemtoka, apewe ngoma mpaka mwakani. Utunzi wa namna hii hautungwi kwa bendi yoyote. Hutungwa kwa bendi hii, ya shule hii, kwa mwaka huu.

Wala isidhaniwe kwamba kazi hii ni ya watu duni. Gustav Holst, Mwingereza ambaye ulimwengu unamjua kwa muziki wake mkubwa juu ya sayari, alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana ya St Paul's mjini London tangu mwaka 1905 mpaka kufa kwake mwaka 1934, na mwaka 1909 alitunga kwa ajili ya bendi ya upepo kazi ambayo wanafunzi wa nchi nyingi wanaipiga hata leo.

Lakini katika Masasi kuna jina moja linalopaswa kukumbukwa na kila anayeandika juu ya tarumbeta na shule. Padri Trevor Huddleston, Mwingereza wa shirika la watawa, alifika Sophiatown, Johannesburg, mwaka 1943. Huko Johannesburg, katika shule ya St Peter's, alikuwapo mvulana mtundu aitwaye Hugh Masekela, aliyezaliwa mwaka 1939, ambaye aliona sinema ya mpiga tarumbeta akaingiwa na shauku isiyomwacha. Akamwambia padri kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri akampatia, akamtafutia na mwalimu. Wavulana wengine wakaja nao kuomba ala, ikazaliwa bendi ya shule iliyochukua jina la padri mwenyewe. Serikali ya ubaguzi ilikuwa ikibomoa Sophiatown na kuzibana shule za Waafrika. Huddleston akaitwa arudi Uingereza, na mwaka 1956 alipokuwa Marekani alimweleza Louis Armstrong habari za wavulana wale, naye Armstrong akawapelekea tarumbeta lake mwenyewe. Na Armstrong huyo, ambaye jina lake limeizunguka dunia, alikuwa amejifunza kupuliza mwaka 1913 katika nyumba ya watoto waliokosea, mjini New Orleans, ambako alikuwa mpiga buruji wa nyumba kabla hajapewa ala bora zaidi katika bendi yake.

Huddleston huyo ndiye aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1960 mpaka 1968. Alikaa miongoni mwetu katika miaka ya Uhuru na ya Azimio la Arusha, ambalo aliliunga mkono waziwazi, akashughulika na shule, hospitali na njaa, na watu wa Masasi walimjua zaidi kwa mambo hayo kuliko kwa matarumbeta. Masekela aliendelea kupuliza mpaka alipofariki mwaka 2018, akiwa mmoja wa wanamuziki wakubwa wa bara letu. Iwapo kuna mtu anayeuliza faida ya kununua ala kwa watoto wa shule, jawabu limepata kukaa Mtandi, hapo Masasi, katika nyumba ya askofu.

Uhuru ulipokuja, nyimbo za uwanjani ziliongezeka. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa, akisikitika kwamba waliosoma walijifunza ngoma za kigeni wakazidharau za kwao. Na sindimba ya Wamakonde ikapandishwa majukwaani nchi nzima. Wapo waliodhani kwamba kwa hiyo tarumbeta lilikuwa limehukumiwa. Mimi sioni hivyo. Hukumu ile iliwapata waliosahau, na tarumbeta la beni halikusahau kitu. Shule zilipotwaliwa na serikali kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, mwalimu yule yule aliendelea kutunga: nyimbo za mchakamchaka alfajiri, nyimbo za halaiki, nyimbo za kumpokea mgeni wa taifa, ngoma ya vijiti na filimbi zikichukua nafasi ya matarumbeta yaliyoharibika pasipo fundi wa kuyatengeneza. Na leo harusi nyingi za mjini hazikamiliki pasipo kundi la matarumbeta juu ya gari, wapulizaji wamevimba mashavu, na nyuma yao kina mama wakicheza. Na asikilizaye kwa makini ataisikia beni, hai kabisa.

Kuna jambo moja ambalo kila mwanafunzi wa Tanzania hulifanya, naye hajui kwamba anamheshimu mtunzi wa shule. Wimbo wetu wa taifa, uliopokewa Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mahadhi yake yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu katika shule ya misheni karibu na Johannesburg, ambaye aliwatungia wanafunzi wake nyimbo akiziandika kwa sol-fa. Alikufa mwaka 1905, bado kijana. Kaburi lake lilikaa miaka mingi pasipo kujulikana, hata lilipotafutwa na kufanywa kumbukumbu ya taifa la Afrika Kusini mwaka 1996. Na wakati wote huo mamilioni ya watu walikuwa wakisimama wima kwa heshima ya wimbo wake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa zamani wa Masasi, Ndanda, Chidya, Lulindi na Newala, na watoto wa walimu waliotangulia, wafungue masanduku. Daftari lenye herufi za sol-fa zilizofifia lisitumiwe kuwashia moto. Mwenye nalo aandike juu ya kila wimbo jina la aliyeutunga, shule yake na mwaka wake. Asiyekuwa na daftari lakini anaukumbuka wimbo, amwimbie mjukuu mwenye simu aunase. Kisha vipelekwe Nyaraka za Taifa au Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, vihifadhiwe. Kazi hiyo ianze sasa, wenye kukumbuka wangali hai.